Macho Yangu Msibani

Wifi Anjela,

Huku Ubaruku mpunga tumeshavuna, na kaka yako Danieli hajambo.

Nasikia huko Ilula mnasema sikumlilia mama mkwe msibani. Sasa sikia. Nesi wetu ana programu ya kupima macho kwenye simu: unaitazama bila kupepesa, yenyewe inahesabu. Danieli alifika sekunde thelathini. Mimi sita tu, macho yakawasha kama yametiwa mchanga. Hospitali wakathibitisha kwamba macho yangu ni makavu, hayatoi machozi ya kutosha. Wamenipa dawa ya matone.

Arobaini ya mama nakuja. Mkiona mashavu yangu yamelowa, msifurahi, ni dawa hiyo. Mama nilimlilia akiwa hai, miaka miwili nikimwogesha, na wewe hukuja.

Mke wa kaka yako,
Matilda