Kadi Sita za Jumamosi

Buzebazeba, Kigoma
Jumapili, 16 Machi 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakuambia yote, hata yanayonitia aibu, kwa hiyo usimsomee Mama kabla hujamaliza mwenyewe. Homa yake imepoa? Na kifua chako, bado kinakusumbua huko karakana ya reli? Mimi ni mzima, ila nina hasira hata chakula hakishuki.

Mjomba Nestori amesimamishwa kazi. Unajua anaendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia magunia, kwenye ghala la chakula cha wakimbizi karibu na bandari. Tangu watu waanze kuvuka ziwa kwa wingi, malori hayakauki mlangoni na mashine haipumziki. Breki zake zilikuwa zinavuja. Mjomba alikuwa anakanyaga mara mbili tatu ndipo zikamate. Alipomwambia msimamizi, alijibiwa mbele ya wapagazi, "Nestori, wakimbizi hawali breki. Pakia." Watu wakacheka.

Jumanne mashine iliteleza kwenye mteremko wa mlangoni ikiwa na mzigo, breki zikakataa kabisa, ikamkanyaga mguu Mama Zabibu, anayefagia mahindi yaliyomwagika. Yeye mwenyewe ni mkimbizi, ana watoto watatu. Nilikwenda kumwona hospitali. Daktari hajui kama mguu utabaki. Mama wa watu akaniuliza kama mjomba amekula.

Sasa aibu yangu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, dereva anatakiwa akague breki, matairi, mafuta na minyororo ya kuinulia mzigo, kisha ajaze kadi. Kadi ni za Kiingereza. Msimamizi alikuwa anampa mjomba kadi sita tupu kila Jumamosi, azirudishe Jumatatu zimejaa za wiki nzima. Mjomba akaniletea mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilizijaza nyumbani, mashine yenyewe sijawahi kuigusa. Nilibadilisha hata kalamu ili zionekane za siku tofauti. Baba, nilijivuna. Sasa msimamizi anazionyesha kama ushahidi: breki sawa, sawa, sawa. Anasema mzembe ni dereva.

Na anajua. Mwezi uliopita niliandika kwenye kadi moja kwamba breki zinavuja. Aliirudisha pamoja na kadi tupu, juu yake ameandika kwa wino mwekundu, "Andika upya," na sahihi yake. Ninayo ndani ya daftari la Jiografia. Mjomba anataka niichome.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, "nikinyamaza, msimamizi atanirudisha kazini. Ukisema, wote tutaonekana waongo."

Nikamjibu kwamba waongo tumeshakuwa. Tangu jana hasemi nami.

Wakubwa kutoka makao makuu watasikiliza shauri Ijumaa hii inayokuja, tarehe 21. Nasikia mmoja wao ni mama anayeuliza taratibu na kuandika kila anachojibiwa. Nadhani atanisikiliza.

Nisalimie Mama, Bibi msuka mikeka, na dada Yasinta na kichanga chake. Barua hii naipeleka stesheni mchana huu. Jibu lipande treni ya kwanza kutoka huko. Ni mimi mwanao Restituta, ninayekuuliza: unaniruhusu niipeleke kadi ile mbele yao, hata kama mjomba hatanisamehe?