Mstari wa Kwapa

Jumatatu, 3 Machi

Mchoro wa gauni umetoka kichwa chini miguu juu! Kutwa nzima mbele ya kompyuta, halafu shingo iko chini na pindo liko juu. Kumbe hii maktaba ya Python, yaani zana za programu za kuchorea, inahesabu kuanzia juu ya ukurasa kwenda chini. Nani alipanga hivyo? Mama kachungulia kutoka kitandani, kacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Eti huyo mteja labda anatembelea kichwa. Mara ya kwanza kucheka tangu kiharusi. Nimefurahi mpaka hasira zikaniisha.

Kazi yenyewe: naandika vipimo vya mteja — kifua, kiuno, bega — programu inachora pateni, ile karatasi ya kukatia, printa inatoa, nakata mimi. Mama alikuwa anachora kwa chaki, moja kwa moja kwenye kitambaa, bila hata rula. Sasa mkono wake wa kulia umelala tu. Nisipoweza hii, cherehani tunazifunika. Basi.

Jumatano, 5 Machi

Mistari iliyonyooka haina shida. Kwapa la gauni ndilo linaniua. Mstari wake unapinda, na kwenye programu unaupinda kwa nukta mbili zinazouvuta, moja huku, moja kule. Nikivuta kidogo, mteja hawezi kuinua mkono. Nikivuta sana, kitambaa kinajaa kwapani kama mto wa kulalia. Nimemuuliza Mama anajuaje pa kupinda. Eti mkono ndio unaojua. Asante sana! Maji yamenifika shingoni.

Dada wa mazoezi ya viungo alikuja mchana. Mama kauminya ule mpira wa mazoezi kwa mkono wa kulia mpaka jasho likamtoka. Vidole viwili vimejibu! Dada kasema akiendelea hivi atashika chaki tena. Asiache tu.

Jumamosi, 8 Machi

Limekaa! Limekaa!

Nilichukua gauni la zamani alilokata Mama, nikalifumua, nikapima kwapa lake kila mahali, nikazilazimisha nukta zangu zifuate. Mwalimu wa nyumba ya pili kavaa gauni lake jipya, kainua mikono yote miwili kama anashangilia goli. Kasema hakuna tofauti na kazi ya Mama. Kasema mbele yake! Mama akamshukuru vizuri tu, akaomba arudishwe kitandani.

Jumanne, 11 Machi

Mpira uko uvunguni. Mama hautaki. Dada wa mazoezi kambembeleza mpaka kachoka yeye.

"Mkono wa nini tena," Mama kasema. "Mashine ipo."

Hata hakusema kwa uchungu, na hicho ndicho kinachoniumiza. Mlangoni dada kaninong'oneza kwamba mkono ukiachwa sasa, huenda usiamke tena. Nimeruka majivu, nimekanyaga moto. Nimerudi ndani nikamwambia Mama programu haiwezi kitu bila yeye. Kaniangalia tu. Mimi kudanganya sijui, na yeye ndiye aliyenizaa.

Vile vidole viwili havijajibu leo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya ujinga. Au siyo ujinga. Sijui.

Asubuhi nimefungua programu nikaisogeza nukta moja ya kwapa. Makusudi. Kidogo sana, mtu wa kawaida haoni. Nikachapa, nikaitandaza pateni juu ya kitambaa cha gauni la pili la mwalimu, nikamsogeza Mama mezani na kiti chake. Nikashika mkasi.

Kaangalia. Nikaanza kukata upande wa pindo, polepole, napanda juu. Ee Mungu, na kama haoni? Na kama anaona na hajali? Kitambaa cha watu hiki!

"Hapo kwapani," kasema.

Nikamwambia mashine ndivyo ilivyochora.

"Hiyo mashine yako jinga. Lete chaki."

Nimeiweka mbele ya mkono wa kulia. Siyo wa kushoto. Kanikazia macho — anajua, naapa anajua kila kitu. Halafu vidole vikasogea. Chaki imeponyoka, imebingirika hadi ukingoni mwa meza. Sijaiokota. Naandika hapa hapa pembeni yake ili mikono yangu iwe na kazi. Ananitukana mimi, anaitukana mashine, anamtukana na mwalimu wa watu. Machozi yananitoka na sithubutu kuyafuta, asije akanionea huruma akaacha. Bega limeinama. Mkono unaburuzika juu ya karatasi, bado kama shibiri moja kuifikia chaki —