Sementi ya Nyuma ya Nyumba

Ipyana, Kyela
3 Machi 1996

Mwanangu Angetile,

Ugonile. Huku tunashukuru, ni magoti tu yananisumbua na mvua hizi. Wewe na duka la Kariakoo mnaendeleaje? Mashuka yamefika, asante, ndaga fijo.

Mwanangu, choo cha ndani alichojenga marehemu baba yako kimejaa, kinarudisha. Baada ya Pasaka watu wa mchumba wa mdogo wako Beatrice wanakuja kutoka Makwale, na nyumba hii hata mimi mwenyewe siwezi kukaa. Watu wa kutapisha nimewapata, wanataka mfuniko wa shimo. Ila naomba ruhusa tuvunje ile sementi uliyojenga nyuma mwaka jana. Usiniulize sana.

Mama yako

Dar es Salaam
15 Machi 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, pole kwa magoti.

Barua yako imeniudhi, nisamehe kusema. Kaburi la baba livunjwe kwa ajili ya choo? Mazishi sikuyawahi, nilikuwa Dubai kufuata mzigo, na ukoo mzima ulinisema. Ndiyo maana nilikuja na fundi, vigae na msalaba. Ni hicho tu nilichomfanyia. Mfuniko wautafute kwingine, wachimbe hata kwenye migomba. Kaburi mliache.

Mwanao, Angetile

Ipyana
24 Machi 1996

Mwanangu,

Salamu nyingi. Magoti yana nafuu. Naona aibu kuandika haya.

Baba yako hayupo pale. Tulimzika mbele, kando ya mikakao. Ulipokuja na fundi mimi na Beatrice tulikuwa Busale tunamuuguza mama yako mdogo. Uliona tuta nyuma ya nyumba, hukuuliza mtu. Ungeanzaje, mtoto wa kiume, kuuliza baba yako kalala wapi? Kwenye tuta lile tulikuwa tumefukia mfuniko wa shimo la choo, kilichojengwa wewe umeshahamia Dar.

Niliporudi nikakuta msalaba na jina lake, nikashindwa kusema. Majirani nao wakaninyamazia. Mchungaji Zebedayo, ambaye ni mgeni hapa, alipokuja kuombea kaburi, nilisimama pale pale nikaitikia amina. Tangu siku hiyo sijashiriki meza ya Bwana.

Beatrice anataka tuvunje bila kukuambia. Nimekataa.

Mama yako

Dar es Salaam
1 Aprili 1996

Mama,

Shikamoo. Afya yangu usiulize.

Barua hii nimempa utingo wa basi la leo, mimi nakuja na la Jumatano. Watu wa kutapisha wanisubiri. Msalaba nitaung'oa mwenyewe, mchana, majirani waone. Siku ile ya ujenzi jirani Andongwisye alipita akanisalimia, nikataka kumuuliza, mdomo ukawa mzito. Nikamwambia fundi, ni hapa.

Umenifichia aibu yangu vya kutosha, mama. Mchungaji nitamwambia mimi.

Safari hii siji na fundi wala vigae. Nikishamaliza pale nyuma, nikaoga, unishike mkono unipeleke mbele kwa baba. Mwenyewe sipajui.

Mwanao