Kwa Riripeti, Kuhusu Kopo Lililofika Limefunguliwa

Tuahiwi, karibu na Kaiapoi,
New Zealand.
9 Juni 2014.

Mpendwa mdogo wangu Riripeti,

Hujambo? Desmond mumeo hajambo? Na lile goti lako, bado linalia ukipanda ngazi? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baridi imeingia, asubuhi majani yote meupe kwa umande ulioganda, na kuku wa Teoti wamegoma kutaga. Nimekaa jikoni karibu na jiko la kuni, anayeandika ni mkwe wangu Waimarie. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie maneno. Ukiona nimekugombeza ujue ni mimi, siyo yeye.

Ndege wa chumvi wamefika kutoka visiwani. Kaka yako Teoti alikwenda kuwakamata na binamu zetu, karudi na ndoo zimejaa ndege wa baharini waliotiwa chumvi, wamezama kwenye mafuta yao mpaka mfunikoni, na yako nimekuwekea. Jumapili nilichemsha wawili, namwaga maji naweka mengine, kama mama alivyokuwa akifanya. Nyumba nzima ikanuka, Waimarie akafungua madirisha yote na baridi hii. Sasa hivi anacheka. Andika, wewe.

Haya. Yale makopo ya unga wa vitamini C uliyonitumia yamefika, asante. Lakini Riripeti, kopo moja lilikuwa limefunguliwa. Karatasi ya juu imechanwa, unga umeshuka karibu nusu, na ndani mna kijiko. Teoti anasema hao ni watu wa forodha. Nikamwambia, mtu wa forodha anafungua, ananusa, anafunga, hasahau kijiko cha chai chenye ua kwenye mpini! Kijiko kile ni cha ile seti niliyokupa ulipoolewa.

Ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu utacheka, utanipa habari za mvua ya Brisbane, halafu utamwita Desmond anisalimie, basi, imekwisha. Barua utaisoma peke yako na hakuna wa kumwita.

Nakushuku, mdogo wangu. Unga ule unaunywa wa nini? Usiniambie mafua. Mama alikwenda na tumbo, mimi nikapatikana na uvimbe tumboni humo humo, na wewe kwenye picha ya Krismasi gauni linaning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Ukaniandikia eti kuna bwana mmoja huko anauza unga unaoua saratani, niunywe, hospitali niachane nayo. Nikajiuliza, Riripeti huyu ambaye hata dawa ya kichwa lazima asome maandishi yote ya boksi, lini amekuwa mwepesi hivi wa kuamini watu?

Basi nikueleze niliyoyasikia kuhusu hiyo vitamini, halafu unijibu.

Kabla sijapasuliwa, alikuja kitandani kwangu mwanamke mmoja wa Kizungu, kijana, nywele kama katani, anaitwa Imogen. Yeye siye mpasuaji, yeye ni wa maabara. Anaomba nikitolewa uvimbe, wampe kipande. Nikamwuliza cha nini. Eti wanataka kujua uvimbe unaingizaje vitamini C na unaipeleka wapi. Moyoni nikasema, huyu mwongo. Vitamini C iko kwenye machungwa, nani atahangaika na utumbo wa kikongwe kwa sababu ya machungwa?

Halafu akafanya kosa. Alikuwa na kiboksi cha plastiki cha kubebea hivyo vipande, akataka kunionyesha. Akakiweka wapi? Kwenye meza yangu ya chakula! Kando ya kikombe cha chai na mkate wangu. Mimi nikageukia ukutani. Teoti, unamjua, yeye hanyamazi.

"Mama, toa hicho kitu. Dada yangu anakula hapo."

"Hakijatumika, ni kisafi kabisa," anasema Imogen.

"Hata kingekuwa cha dhahabu. Nyama ya mtu na mkate havikai meza moja. Kwenu vinakaa?"

Yule binti akawa mwekundu mpaka shingoni. Akakichukua, akaenda kuleta maji na sabuni, akaifuta meza ile yeye mwenyewe, akaniletea chai nyingine. Wala hakucheka. Lakini sikumwamini bado. Mtu anaweza kufuta meza vizuri sana na bado akawa mwizi.

Kesho yake akarudi mikono mitupu, akauliza kama anaweza kukaa. Nikamwambia kaa kwenye kiti, siyo kitandani, halafu nieleze kama unavyomweleza mtu ambaye shule aliiacha akavune viazi. Akanieleza. Anasema mwili umejengwa kwa vitu vidogo visivyoonekana, wanaviita seli, na kila seli ina milango. Vitamini C ina mlango wake. Lakini ikishatumika mwilini inachakaa, inabadilika, inafanana na sukari, na hapo inaweza kupita mlango wa sukari. Ikishaingia inarudishwa kuwa vitamini kama zamani. Sasa seli za saratani zinapenda sana sukari, kwa hiyo nyingi zimejiwekea milango ya sukari tele.

Nikamwambia, hilo nalijua, mwanangu, liko hata kwenye misiba yetu. Mgeni wa haki anasimama getini, anaitwa kwa sauti, ndipo anaingia. Lakini yuko mwingine anazunguka nyuma, anavaa aproni, anabeba sahani, anapita mlango wa jikoni na hakuna anayemwuliza jina. Akifika ndani anavua aproni, anakaa mezani na wafiwa.

"Ndiyo hivyo hivyo, Bibi Pirihira!" anasema, na macho yanamng'aa.

"Ameingia kumsaidia mwizi au kumpiga?" nikamwuliza.

Akavuta kiti karibu. Riripeti, nilimwangalia sana usoni pale. Akasema, "Hatujui. Pengine inazidhoofisha hizo seli, pengine zinaitumia kujilinda, pengine inategemea ni uvimbe gani na ni kiasi gani. Ndiyo maana naomba kipande."

"Na mimi kitanisaidia nini?"

"Wewe? Hakitakusaidia, bibi. Siwezi kukudanganya."

Nikamwambia habari za makopo yako. Hakukudharau, usikasirike. Alisema ukinywa kwa mdomo, mwili unachukua kiasi chake, kinachozidi unakikojoa. Teoti akadakia, "Basi choo cha Riripeti hakitashikwa na mafua milele!" Tukacheka mpaka nesi akachungulia. Lakini Imogen hakucheka sana. Akasema hata wanaowatilia watu kwenye mshipa, kipimo kikubwa kuliko unga wowote, bado wanachunguza, hawajapata jibu la kumpa mtu aache tiba. Asiache tiba. Alilirudia hilo akiniangalia mimi, na mimi nikakufikiria wewe.

Kipande bado sikumpa. Nilimwambia nyama hii siyo yangu peke yangu, humu mna bibi yangu na mama yake, nataka kwanza nione itakapolala. Waimarie akaona aibu, anasema mama, watu hawaombi hivyo. Nikasema mimi naomba. Daktari akaniruhusu mchana mmoja, tukaenda na gari la Teoti mpaka maabara yao. Nikaonyeshwa sanduku la barafu, baridi yake inakung'ata pua. Nikauliza maziwa yao ya chai wanaweka wapi, wakanipeleka chumba kingine kabisa, mlango mwingine, korido nyingine. Teoti akafungua kila friji, na aibu hana. Tukakuta mtindi na nusu ya keki ya mtu, nyama ya mtu hatukukuta.

Hapo nikakubali, kwa masharti. Kitakachobaki nirudishiwe, kisitupwe na takataka za hospitali. Akakubali. Nikapasuliwa, wakampa, na mwezi uliopita kilichobaki alikileta mwenyewe. Waimarie alimwendea kituo cha basi, anasema yule binti alikipakata mapajani safari nzima, na alipopewa biskuti alikataa mpaka kishuke.

Kilipofika tukagombana. Teoti anasema kizikwe kwa mama, kwa sababu ni nyama yetu, kama vile tunavyozika kondo la nyuma la mtoto kwenye ardhi ya nyumbani. Mimi moyo ukakataa. Kondo lilinilishia mtoto. Hiki kilinila mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, Riripeti, na huyu alikuwa ndani zaidi ya nguo, amevaa sura yangu, mpaka damu yangu ilimpigia saluti. Nimlaze pembeni ya mama, ambaye huenda aliliwa na jamaa yake huyo huyo? Tukamchimbia nje ya uzio wa makaburi, upande wa mierebi. Teoti akasoma sala. Mimi nikamwambia huyo kitu, tunakujua, wewe ni wetu, hatukukutupa, lakini utabaki huko huko nje. Tukanawa mikono, tukaenda kula.

Madaktari wanasema kwa sasa niko safi. Hiyo "kwa sasa" yao siipendi, nawachunguza kila wakinichunguza. Lakini nakwenda. Wakiniita Jumatatu nakwenda Jumatatu. Makopo yako sijayagusa, na lile lenye kijiko nimelifunga na uzi.

Sasa wewe. Mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni huku navuna viazi, kwa hiyo usinione mbea. Kama tumbo linakusumbua, kama kuna damu umeiona na ukasema ni bawasiri, mimi pia nilisema ni bawasiri. Nenda. Usiende kwa bwana wa unga. Huyo bwana nina swali moja tu la kumwuliza: vitamini yake ikishavaa aproni ikaingia jikoni, inafanya nini humo? Akikujibu haraka, huyo ni mwongo. Aliyesomea kitu hicho miaka yote aliniambia hajui.

Najua unachoogopa. Unaogopa kwamba ukienda watakuambia. Mimi nilijificha mwaka mzima, namdanganya hata Waimarie, na ule muda wote mwenzangu ndani anafungua milango. Usimpe muda huo.

Na wakikuta kitu wakakitoa, usiwaachie wakichome huko kama takataka. Waambie unakitaka. Wakikushangaa, washangae. Njoo nacho, upande wa mierebi pana nafasi, na utakula ndege wa chumvi mpaka Desmond akukimbie kwa harufu. Na kama hakuna kitu, kama nimekosea kabisa na gauni ni pana tu, basi niandikie unitukane. Niite bibi kizee mbea, mchawi, mwenye kuhesabu vijiko vya watu. Barua hiyo nitamwambia Waimarie anisomee kila jioni, na nitakuwa na raha majira yote haya ya baridi.

Msalimie Desmond, mwambie sijambo na asikusaidie kunificha. Teoti anakusalimu, anasema choo chako kinaendeleaje. Waimarie naye anakusalimu, amelia kidogo hapa lakini anasema ni moshi wa jiko. Mungu wa mama yetu akushike mkono mlangoni mwa hospitali, na asikuachie mpaka umeingia ndani.

Wako akupendaye hata akikushuku,
dada yako Pirihira