Nge Hawafiki Zuhali

Jamhuri, Nairobi
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kwa wifi yangu Kijakazi,

Assalaam alaikum. U hali gani, na goti lako je? Vaa soksi, hapo ni Loresho, si Lamu. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio usiuulize, ila kwa vile nimeshika kalamu itabidi uusikie.

Najua hapo mnapopigia filamu simu zenu wamezifungia getini tangu zile picha za kazi yenu zivuje. Basi hii atakuja nayo Ngina, mpishi wenu, akirudi huko kutoka kwao Mutuini. Nimempa na kashata zako. Muulize kama hakuzionja.

Jana jioni nimeona sehemu ya pili ya tamthilia yenu, Safari ya Zuhali. Ya kwanza nilifurahi mno: mume wangu nahodha wa chombo cha angani, nguo zake umeshona wewe, nikawaita majirani. Ya pili pia nikawaita. Laiti ningejua, ningefunga mlango na pazia.

Wifi, yule mwanamke wa chuma katoka wapi? Yule roboti, Rehema, anayemtunza nahodha huko chomboni. Anamimina chai, anaonja kwanza kijiko kimoja, ndipo ampe. Nahodha akitaka kutoka, anachukua viatu vyake, anavipindua, anavikung'uta mara tatu, ati nge wasiwemo, anagonga soli, ndipo amvalishe. Nani duniani anakung'uta viatu vya mume kabla hajavaa? Si mimi? Nyumba ya bibi yangu Lamu ilikuwa na nge, nikalelewa hivyo, na mpaka leo hapa Jamhuri, ghorofa ya tatu, hakuna nge wala mjukuu wa nge, nami nakung'uta. Sameer akiwa nyumbani ananicheka kila asubuhi. Kumbe anacheka huku anahifadhi, akampe mwingine!

Na lile jicho alilomtazama! Miaka minne ya ndoa sijatazamwa vile. Majirani wakanigeukia. Mama Wavinya wa chini akasema, "Huyo bwana yako anajua kuigiza," na hilo "kuigiza" akalivuta mpaka nikatamani kumpokonya kikombe changu.

Nataka jibu moja tu. Kati ya nduguyo na huyo Kanyiva anayeigiza Rehema, aliyepakwa rangi ya fedha, kuna nini? Sameer na kalamu ni paka na maji, simwandikii. Wewe uko hapo, na macho Mungu kakupa.

Wifi yako,
Nisreen


Loresho
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Nisreen, wifi yangu wa pekee,

Waalaikum salaam. Goti linalalama lakini linatembea. Kashata zimefika nusu, na Ngina anaapa njia ilikuwa mbaya.

Wewe! Wivu mpaka kwa bati? Niache nicheke kwanza.

Haya, nimecheka. Sasa sikiliza. Kanyiva ana mchumba wake, Mwanzia, fundi wa taa hapa hapa, na harusi yao Machakos imeshapangwa. Ile rangi ya fedha humchukua saa mbili kupakwa, na akishapakwa haegemei, hacheki, wala hakuni pua. Hata chakula, muthokoi wao wa mahindi, analishwa kwa kijiko na Mwanzia, midomo isichubuke. Mwanamume gani atamkumbatia mtu wa rangi mbichi? Ningeiona kwenye nguo za Sameer. Mimi ndiye mshonaji, na mimi ndiye mfuaji.

Hayo ya viatu usiyatie moyoni. Waandishi wanaokota huku na kule, na viatu watu wengi wanakung'uta. Nalo jicho, si ndiyo kazi yake? Umeolewa na mwigizaji, ulitaka atazame dari?

Jambo moja nakusihi, usisome maoni ya watazamaji. Mbugua, mwongozaji wetu, ndiye pekee anayeruhusiwa simu, na anayasoma kutwa mpaka chai inapoa. Mwachie yeye maradhi hayo. Sameer anakusalimu sana.

Wifi yako,
Kijakazi


Jamhuri
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Wifi Kijakazi,

Assalaam alaikum. Natumai u mzima. Mimi sijui niseme ni mzima au ni mgonjwa. Chakula hakipiti.

Umeniambia nisisome maoni, basi nimeyasoma yote. Nimeyasoma dukani kutwa, pale Biashara Street, mteja anauliza bei ya pazia nami namjibu mambo ya Zuhali. Hebu sikia wanavyosema watu wa Nairobi.

"Manze hii sehemu ya pili imeweza. Huyo Rehema ndiye mke. Wetu wa nyama wanakuambia chai iko jikoni, jitilie."

"Nge watafikaje Zuhali, jameni? Lakini nimelia."

"Hapo kwa viatu huyo jamaa haigizi, amezama kabisa. Kama ana bibi nyumbani, pole zake."

Pole zangu! Na watu elfu mbili wamebonyeza moyo chini ya hiyo pole. Elfu mbili, Kijakazi!

Nikaona hapana. Nikaandika na mimi, nikajiita Mtazamaji wa Jamhuri. Nikasema huyu roboti anaharibu hadithi, chombo kipate hitilafu, aungue, safari iendelee. Lo! Waliniangukia kama nyuki. Mmoja kasema, "Dadangu, wivu wa nini na mashine?" Mwingine kasema, "Huyu hata chai ya mumewe hajui kuonja." Mimi! Chai ambayo nimeionja miaka minne mpaka ulimi hausikii moto tena! Nikaenda nyuma ya majora ya vitambaa nikalia, tajiri mwenye duka akadhani nimefiwa.

Unaiona dhuluma hiyo? Wanampenda kwa vitu vyangu. Nikivifanya mimi nachekwa, akivifanya bati mji mzima unalia. Naye Sameer aliyewapa anakula sifa. Ati viatu watu wengi wanakung'uta. Nitajie mmoja, wifi. Mmoja tu.

Ijumaa hii ndiyo ruhusa yake. Nitapika samaki wa kupaka, namsubiri. Nataka anieleze mwenyewe, uso kwa uso. Mwambie asichelewe.

Wifi yako,
Nisreen


Loresho
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Nisreen,

Waalaikum salaam. Sote wazima, ila sina habari njema, na usimpige tarishi.

Sameer haji leo. Yale maoni yamemtia Mbugua wazimu. Rehema alikuwa wa sehemu mbili tu, achekeshe kisha azimwe. Sasa hazimwi. Hadithi imegeuzwa, na sehemu ya sita nahodha anamuoa. Ruhusa zote zimefutwa mpaka wamalize kupiga picha, na mimi nimepewa kushona shela ya bati, Mungu anisamehe.

Sameer kakasirika, walizozana na Mbugua mbele ya watu. Lakini mkataba ni mkataba. Anasema samaki umle kwa niaba yake.

Kuna jambo nataka kukwambia, ila si la barua. Tutaonana.

Wifi yako,
Kijakazi


Jamhuri
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Kijakazi,

Salamu zangu zipokee. Afya yangu usiulize.

Samaki nimempa Mama Wavinya. Kala, kasifu, kaniuliza na bwana yuko wapi.

Ndoa ya nahodha iwe na heri. Shela uishone vizuri, usibakize uzi. Mimi nimekunja nguo zangu. Nimekata tikiti ya basi la Jumapili ijayo, Mombasa, na kutoka hapo kwetu Lamu. Sikimbii kushindwa na mwanamke, maana mwanamke simuoni. Nimeshindwa na mambo yangu mwenyewe. Mume aliyechukua ya chumbani kwangu akayatoa uwanjani yachezewe na mwingine, huyo keshanitoa nyumbani kwake, kilichobaki ni mimi kubeba sanduku.

Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno.

Na wewe una jambo gani lisilo la barua? Kama ni la kunificha, umechelewa.

Nisreen, wifi yako mpaka Jumapili


Loresho
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Nisreen,

Assalaam alaikum. Leo sikuulizi hali, maana najua nani ameiharibu. Hii nimemlipa mtu wa boda aikimbize, haiwezi kumngoja Ngina.

Sameer hakumpa mtu kitu chako. Ni mimi.

Waandishi walikuwa wamekwama. Walitaka roboti wa kuchekesha, mke aliyezidisha utumishi mpaka akawa kero. Tukiwa kwenye chai, Mbugua akauliza, "Nani anamjua mwanamke wa namna hiyo?" Mdomo wangu ukanitangulia. Nikashika kiatu nikakung'uta. Nikaonja chai huku nimebana midomo kama wewe. Walicheka mpaka Mwanzia akaangusha taa, nami nikaona raha. Sikudanganyi tena, wifi. Niliona raha sana.

Sameer alikuwa na miaka sita mama alipotutoka. Nimemlea mimi. Alikuwa halali bila mkono wangu. Kisha nikaachika, mkanipokea Jamhuri, mwaka mzima nalala sebuleni kwenu. Kila asubuhi nawaona mlangoni, wewe unakung'uta nge wasiokuwepo, yeye anacheka, na mkicheka hivyo mko wawili tu duniani, mimi mto wa kiti. Shati alilovaa nimelipiga pasi mimi, na hajui. Wivu ulinila, Nisreen. Nikasema ngoja nimfanye kichekesho, labda atapungua.

Siku ya kupiga picha, walimficha Sameer hilo la viatu, wapate kicheko cha kweli. Kanyiva akakishika kiatu, akakikung'uta. Sameer hakucheka. Macho yalimjaa machozi. Alikuwa na wiki tatu hajafika nyumbani. Hilo ndilo jicho lililokuua, na halikuwa la Kanyiva hata kidogo. Alikuwa anakutazama wewe. Nami nikainama nikajifanya natafuta sindano.

Baadaye akanijia. "Dada, nani amewaambia?" Nikaendelea kukunja nguo. Mwenyewe akajijibu kwamba ni wewe, umempelekea salamu kwa njia hiyo. Mpaka leo anadhani unajua na umefurahi.

Usipande basi kwa kosa langu. Nikishaona boda ameondoka namwendea Sameer, namwambia una tikiti mkononi, na kesho atakuwa mlangoni kwako, Mbugua apende asipende. Hili lingine sina moyo wa kumwambia. Unamjua: anayekudharau wewe hamrudii tena, awe nani. Nami sina mume, sina mtoto, nina yeye tu. Nimelitia mkononi mwako. Fanya utakavyo.

Wifi yako, kama bado unanitaka,
Kijakazi


Jamhuri
Jumapili, 2 Novemba 2025

Kijakazi,

Waalaikum salaam. Sameer mzima, mimi mzima. Ngina ameniambia Jumapili iliyopita ulimlaki getini kabla hajashuka, ukamuuliza kama ana barua. Niliijua hiyo hamu yako. Nikakuacha ungoje.

Niliposoma yako nilitafuta tusi la kukufaa. Kwetu Lamu hatujapungukiwa na matusi, lakini hakuna lililotosha. Mwaka mzima sebuleni kwangu! Unajua kwamba hata chai yako nilikuwa naionja? Kila asubuhi, kijiko kimoja, isije ikakuunguza. Wewe ulikuwa unahesabu mara anazocheka nduguyo, hilo hukuliona.

Alikuja Jumatano na mvua yake, suruali ya nahodha, koti la nahodha, ameroa chapachapa. Sanduku langu lilikuwa pale pale mlangoni. Hakulitazama. Akaniambia, "Nilikuwa nimechoka, Nisreen, nataka kuacha kila kitu. Siku ile ya viatu ndiyo iliyonishika." Nilimnunia bado, nikataka kumwambia mengi, lakini nikalia kwanza.

Kisha akauliza. "Ulimtuma dada awaambie, sio?"

Hapo nilikuwa nawe kiganjani. Barua yako ilikuwa ndani ya blauzi yangu, naisikia inanichoma. Neno moja tu, na ungebaki bila ndugu, ukajua na wewe kulala peke yako kukoje. Nilitamani, wallahi nilitamani. Nilifungua kinywa kwa nia hiyo hiyo.

Nikasema, "Ndiyo. Nilimwomba dada."

Akafurahi kama mtoto. Akasema hana wa kumlinganisha na dada yake. Nikala maneno hayo kavu kavu bila maji.

Tikiti nimeirudisha. Barua yako nimeichoma jikoni, asije akaiokota. Huyo Rehema wa bati na aolewe sehemu ya sita, nami sitaitazama, na maoni sisomi tena. Sameer hatojua. Kwa hilo lala usingizi wako.

Lakini kwangu usije. Yeye atakualika, Idd itakapofika na kabla ya Idd, na kila mara utatafuta udhuru wako mwenyewe, mpaka siku nitakayokuita mimi kwa kinywa changu. Siijui ni lini. Kila atakapokusifu mezani nitanyamaza, nawe huko uliko ujue nanyamaza.

Nimekusitiri. Kukusamehe bado.

Nisreen,
mke wa nduguyo