Muzdalifa, Gari la Tanga

Guangzhou, 9 Novemba 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mguu umepungua kuuma na dada Kazija hajasahau dawa zako. Mimi mzima, ila leo nimeona jambo. Ndiyo maana naandika, maana nikipiga simu nitalia.

Unamkumbuka Bwana Liang, laoban wangu, yule bosi ninayenunua kwake jinzi pale Zhanqian. Leo mzigo ulipokwisha kuondoka kwenda bandarini Huangpu, akaniambia twende tukaone magari ya kale ya kaka yake. Ana ukumbi mzima nyuma ya masoko ya Liuhua. Nilikwenda kwa adabu tu. Magari yanang'aa, mimi napiga miayo.

Pembeni nikaona gari dogo la mashindano. Halina milango, na bodi imefuliwa kwa nyundo, mabonde mabonde. Nikacheka peke yangu, nikasema hili linafanana na lile la hadithi za baba. Nikainama kuchungulia ndani. Baba, nyuma ya usukani kuna herufi zimetobolewa kwa msumari: MUZDALIFA TANGA.

Jina la bibi! Nilikaa sakafuni palepale. Bwana Liang alidhani nimeugua ghafla, akakimbia kuniletea maji.

Ni wewe uliyetusimulia tangu tukiwa wadogo kwamba gari lile liliingia mtoni, na baba mdogo Marijani akiwa ndani. Hili halina dalili ya kuanguka wala kuzama. Niambie nimeona nini.

Mwanao,
Dalila


Tanga, 10 Novemba

Mwanangu Dalila,

Marahaba. Mguu ni uleule, tuuache. Nilisoma ujumbe wako nikaigeuza simu kifudifudi mezani, nikakaa mbali nayo kama imeingiwa na nyoka.

Hakukuwa na gari jingine. Mwaka sitini na nne mabwana wa mashamba ya mkonge walikuwa wakishindana kwa magari ya Ulaya. Mimi na Marijani tukajenga la kwetu uani: fremu ya pikapu iliyotupwa, injini ya Peugeot iliyopinduka, bodi ya mabati ya tangi la maji. Mimi fundi, yeye dereva. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hajui kuogopa.

Siku ya mashindano ya Korogwe mvua ilipiga mpaka mto ukafurika. Marijani alikuwa mbele ya wote. Waliomfuata walikuta daraja limechukuliwa na maji, na kofia yake ya ngozi iko kwenye matope. Mwili hatukuupata. Tulimsomea hitima bila kaburi.

Watu wakauliza, kwa nini hakusimama? Breki nilizifunga mimi, kwa mkono wangu. Mama hakunilaumu, ila alikuwa akiniuliza, "Sufian, una hakika ulikaza?" Aliniuliza mpaka siku zake za mwisho. Sikushika spana tena maishani. Nyinyi mlidhani naupenda sana ualimu.

Rudi pale. Tazama breki.

Baba yako


Guangzhou, 12 Novemba

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Umekula?

Breki ni nzima. Kaka yake Liang alilinyanyua gari kwa jeki nikaingia chini na tochi. Vyuma vyote viko mahali pake, hakuna kilichokatika wala kuungwa. Picha nimekutumia.

Nikamuuliza amelipata wapi. Alifanya kazi migodini Ndola, Zambia, miaka mingi. Aliuziwa na fundi mmoja mzee anayeitwa Austin. Akanionyesha video aliyoipiga siku aliyolinunua, mwaka jana. Mzee mwembamba amekaa kwenye usukani. Anapigapiga bodi kwa kiganja, kisha anasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Haya mama, amka twende." Injini inaitika, naye anacheka. Masikio yake ni yako, baba. Niliirudia ile video mpaka mwenye simu akaichukua simu yake.

Namba ya mzee huyo ninayo. Nimpigie?

Mwanao,
Dalila


Guangzhou, 20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Kazija anasema unashinda uani na sahani unairudisha ilivyo. Nisamehe, nimeshindwa kusubiri. Nimempigia.

"Nani mwenzangu?"

"Dalila. Binti wa Sufian wa Tanga."

Akauliza, "Sufi yu hai?"

Baba, ndiye.

Anasema babu alikuwa ameapa kulivunja gari kwa shoka baada ya mashindano yale. Yeye mwenyewe alipovuka daraja, upepo ulimpeperushia kofia. Akageuka kuitazama, akaona daraja linakwenda na maji nyuma yake. "Nikajiambia, sasa hakuna wa kunirudisha." Akaendelea tu, hadi Ndola. Huko akashindana kwa jina la Austin. Alikusudia kuandika akishinda. Kisha akakutana na dereva wa lori kutoka nyumbani, akamsikia akisimulia juu ya hitima yake. Akaona haya. Kila mwaka haya ikazidi kuwa nzito.

Nikamwambia, "Baba anaamini breki zake ndizo zilizokuua."

Nikasikia mtu mzima analia. "Breki za Sufi? Hazijawahi kuniangusha hata siku moja."

Anataka kuja. Nimwambie nini?

Mwanao,
Dalila


Tanga, 6 Desemba

Mwanangu Dalila,

Marahaba ya barua zote. Sikukujibu kwa sababu hata jina langu nilikuwa siwezi kuliandika. Kazija ndiye aliyemwambia aje.

Amefika leo kwa basi. Nilimwona mlangoni, kizee kimeshika begi, nikanyanyua mkono nimpige. Naapa nilitaka kumpiga. Akaleta shavu, akangoja. Mkono ukakaa hewani, wazee wawili tunatazamana, na Kazija analia nyuma yetu.

Nikamwambia, "Mama amekufa hajui kama nilikaza."

Akaliachia begi, akayumba. Nikamshika, maana angeanguka kwenye saruji. Mwepesi mno, Dalila. Hana uzito wa mtu.

Sijamsamehe. Nimemwambia hivyo, naye akasema ni haki yangu. Akala wali, akaomba mahali pa kujinyoosha. Sasa ni alasiri, amelala kitandani pangu. Kazija ananiuliza kwa nini nimehamishia kiti changu mlangoni mwa chumba. Marijani anakoroma vibaya. Akinyamaza tu, naingia kutazama kama anapumua.

Baba yako