Nyaya Nyeusi Nyuma ya Mbao

Jumatatu, 3 Machi

Chai kwanza. Kuni mbichi, moshi machoni. Sijali. Wiki ya tatu nikiwa mke wa Mwangi na bado natabasamu peke yangu nikikamua ng'ombe. Nyumba yetu hapa Mweiga ni ya mbao, kaijenga kwa mikono yake. Umeme pia kautandaza mwenyewe, kwa nyaya nyeusi nene zilizobaki alipokuwa akifunga pampu za visima mashambani. Kisha akapigilia mbao juu yake, kuta zote, dari yote. "Hizi hulala matopeni miaka mingi," huniambia. "Ndani zitashindwa na nini?" Nampenda sana akiongea hivyo. Kesho fundi mwenye leseni anakuja kukagua. Akitia sahihi, tunaomba mita.

Jumanne, 4 Machi

Hakutia sahihi.

Fundi ni mama wa makamo kutoka Nyeri mjini, miwani imefungwa kwa uzi. Alibandua ubao mmoja karibu na swichi, akatazama ndani. Akaomba kipande cha waya uliobaki, akatoka nacho nje, akawasha kiberiti. Waya ulishika moto. Aliondoa kiberiti, ukaendelea kuwaka, ukidondosha matone ya moto kwenye nyasi. Moshi mweusi tii. Kisha akatoa mfukoni kipande cheupe, cha nyaya za ndani. Hicho alikiwasha, kikazimika chenyewe.

"Si hii nyeusi ndiyo ngumu, mama?" Mwangi alicheka. "Iko na ngozi mara mbili!"

"Ni ngumu, kijana wangu. Imetengenezwa kuzikwa. Udongo haushiki moto. Mbao zako zinashika."

Nyaya zing'olewe zote, akasema. Mwangi alimwacha aende bila hata chai. Niliona aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimsihi tubandue mbao. Chumba kimoja kimoja, nyundo nitashika mimi. Aliniuliza kama nimeolewa na yeye au na yule mama. Hajawahi kuniongelesha hivyo. Nililia kwenye banda la ng'ombe. Kisha nikaosha uso, nikampikia mukimo. Alikula akiangalia ukuta.

Ijumaa, 7 Machi

Amepata fundi mwingine, mwanamume kutoka Wamagana. Alitia sahihi fomu juu ya tangi la pikipiki, injini ikinguruma. Hakuingia hata ndani. Mwangi alinibeba akanizungusha uani. Nilicheka. Nilitaka kweli kucheka.

Jumatano, 26 Machi

Mita imefungwa. Taa imewaka. Uso wa Mwangi ulikuwa mzuri mno. Niliuangalia huo, sikuangalia dari.

Jumapili, 30 Machi

Mama mkwe alikuja na akina mama wa kanisa kuombea nyumba. "Sasa mtaacha kulala saa moja kama kuku," akasema, wakacheka wote. Mwangi akawaeleza habari za waya wake usioshindwa na mvua. Wakampigia makofi. Jirani anayejenga akamwomba aje amtandazie kama huohuo.

Ningeweza kusema hapo. Watu walikuwa wengi, asingenikemea. Nikasema Amina.

Jumatatu, 31 Machi

Mwangi ameenda kwa jirani na kifaa chake cha kukatia nyaya. Nimesukuma kitanda hadi karibu na mlango wa nje. Kizito, kimekwaruza sakafu. Akiuliza nitamwambia nataka jua la asubuhi.

Mvua imeanza. Nimewasha taa ili nione kushona.